Kaliba mbili za bunduki ya wenzo: .405 na .30

Bunduki ya wenzo hukokwa kwa mkono wa chuma ulioko chini ya kifyatulio. Mwindaji anapousukuma mkono huo mbele, kitasa hurudi nyuma na ganda lililotumika hutupwa nje. Anapouvuta, risasi nyingine hupanda na kuingia kwenye mtutu. Kazi yote hufanyika bila kuondoa kitako begani, na ndiyo sababu Wamarekani waliipenda. Afrika Mashariki haikuipokea sana. Walowezi wengi wa Kiingereza walitumia bunduki za kitasa cha kuvutwa au zile nzito za mitutu miwili, na bunduki ya wenzo ikabaki kuonekana kama kitu cha wageni kutoka Marekani.

Mgeni aliyeijulisha zaidi alikuwa Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyeteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit. Waliwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Safari yao iliwapeleka nyanda za Kapiti, Naivasha, Sotik na Uasin Gishu. Sotik haiko mbali sana na Migori ya leo, na mwezi wa Desemba walipopanda meli Kisumu kwenda Entebbe, walipita katika ghuba ambayo Homa Bay iko kwenye ufuo wake wa kusini.

Kati ya silaha zao kulikuwa na Winchester ya mwaka 1895, bunduki ya wenzo iliyobuniwa na John Browning. Roosevelt alikuwa na ya kaliba .405. Kermit naye alikuwa na ya .405, pamoja na Winchester nyingine iliyotumia risasi za jeshi la Marekani za kaliba .30. Kwa hiyo swali la kaliba ipi iwekwe kwenye bunduki ya wenzo lilifika Kenya likiwa ndani ya masanduku ya familia moja, na majibu yote mawili yalijaribiwa porini.

Ubunifu wa Browning ulikuwa kwenye magazini. Bunduki za wenzo zilizotangulia zilipanga risasi kwenye bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali, teke la mlio mmoja linaweza kulipua risasi nyingine ndani ya bomba, kwa hiyo risasi zilitengenezwa na ncha butu. Winchester ya 1895 iliondoa bomba hilo na kuweka kisanduku mbele ya kifyatulio, risasi zikalala moja juu ya nyingine. Ncha kali zikaruhusiwa, na hapo ndipo risasi ya jeshi ilipopata nafasi katika bunduki ya wenzo.

Risasi ya .405 ilitoka mwaka 1904. Ina kipenyo cha milimita 10.4 na uzito wa gramu 19.4, na huondoka mtutuni kwa kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu hufikia karibu jouli 4,370. Ile ya jeshi, kwa muundo wa mwaka 1906 ulioipa jina la .30-06, ina kipenyo cha milimita 7.8 na uzito wa gramu 9.7, lakini kasi yake ni karibu mita 820 kwa sekunde. Nguvu yake ni kama jouli 3,300. Mtu akitazama tarakimu hizo peke yake ataikimbilia .405 bila kuuliza zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Nguvu ya mdomoni haidumu. Risasi nene, fupi na yenye ncha butu husukumana na hewa nyingi, ikapoteza kasi na kuanza kuzama mapema. Bunduki ya .405 iliyolengwa kwa mita 100 itapiga chini ya shabaha kwa zaidi ya sentimita 20 ikifika mita 200, ilhali ya .30 itashuka karibu nusu ya hapo. Tena risasi nyembamba na ndefu huchimba zaidi nyamani kuliko fupi na nene. Kaliba .30 hupata risasi ndefu za gramu 14, na hizo hupenya misuli na mfupa kwa namna ambayo .405, pamoja na unene wake, hushindwa.

Bonde la Lambwe, katika kaunti ya Homa Bay, ni mahali pazuri pa kuzipimia hesabu hizi, japo kwa mawazo tu. Nyasi zake ni ndefu, vichaka vya migunga vimesongamana mahali, na mnyama huonekana akiwa karibu. Taya, swala mdogo wa kilo kumi na kitu, angeharibiwa vibaya na .405. Tohe na kongoni wangeangushwa na kaliba yoyote kati ya hizo mbili. Korongo, swala mkubwa ambaye dume lake hupita kilo 250, anahitaji risasi inayofika ndani kabisa, na hapo .30 ndefu ndiyo yenye hoja. Nyati ni habari nyingine. Roosevelt aliisifu sana .405 kwa simba, mnyama mwenye ngozi laini anayepigwa karibu, lakini kwa wanyama wakubwa zaidi alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Yeye mwenyewe hakuiamini .405 kwa kila kazi.

Kuna mambo madogo ambayo mwenye bunduki huyajua kwa kidole. Ganda la .405 lina ukingo uliotokeza kwenye kitako chake. Ukingo huo husaidia ndoano ya kung'olea kulishika ganda vizuri, lakini risasi zikipangwa vibaya kisandukuni, ukingo wa juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, bunduki hukwama. Ganda la .30 halina ukingo wa namna hiyo, hivyo hupangika bila shida. Kwa upande wake, mtambo wa 1895 haukuundwa kwa risasi kali za siku hizi, na bunduki kuukuu ya .30-06 ikilishwa hizo mfululizo, kifungo chake cha nyuma hulegea. Teke nalo lisisahaulike: la .405 huumiza bega, hasa kwa vile kitako cha bunduki hizo kilikuwa chembamba na kilichopinda sana.

Lililoamua zaidi, hata hivyo, ni upatikanaji. Risasi za .30-06 zimeenea duniani hadi leo. Za .405 ziliacha kutengenezwa kiwandani katikati ya karne ya 20, zikarudi tu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pamoja na nakala mpya za bunduki yenyewe. Mwenye bunduki moja tu, anayetaka kupiga wanyama wa aina nyingi na kupata risasi dukani, angechagua .30. Kaliba .405 humfaa mwenye bunduki ya pili pembeni, kama Roosevelt alivyokuwa.

Nchini Kenya uamuzi huo hauna kazi tena. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza uwindaji wa burudani. Sehemu ya Bonde la Lambwe, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, ilifanywa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, na ndiyo makazi ya mwisho ya korongo nchini. Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Isebania, bado huruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu maalumu, na kwa wanyama hatari hutaka kaliba isiyopungua .375; .405 ingepita kwa kipimo hicho, .30 isingepita. Lakini kibali cha huko hakimpi mtu haki yoyote akivuka kurudi Migori, na bunduki au risasi kuukuu iliyoachwa na babu inahitaji leseni ya Kenya kama mpya. Anayeikuta nyumbani asiifiche wala asiijaribu. Aache ilipo na atoe habari kituo cha polisi kilicho karibu.