Mzinga wa Kijapani Unaotoshea Kiganjani

Je, wajua kuwa Mitsubishi, ambayo Canter zake hupita Makutano zikielekea Embu na Meru, iliwahi kutengeneza injini ya mzinga wa vita unaojiendesha? Mzinga huo ni Type 1 Ho-Ni I. Jeshi la Japani lilichukua kifaru aina ya Chi-Ha, likakiondolea kichwa kinachozunguka, likapachika mzinga wa milimita 75. Gari zima lilikuwa na uzito wa tani 15 hivi, likisukumwa na injini ya dizeli ya silinda 12, nguvu za farasi 170, inayopozwa kwa hewa badala ya maji.

Leo unaweza kuuunda mezani. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka huuza vipande vyake vya plastiki kwa kipimo cha 1/35, na mzinga ukikamilika huwa na urefu wa karibu sentimita 16. Kipimo hicho hakikupangwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya ilitengeneza kifaru cha Panther chenye nafasi ya kutosha betri na mota. Hesabu ilipopigwa baadaye, ikatoka 1/35. Watengenezaji wengine wakafuata.

Vipande hukatwa kutoka kwenye fremu, hupigwa msasa, kisha hugundishwa. Gundi yake huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikaungana kuwa kitu kimoja, kwa hiyo pima kabla ya kupaka.

Kwa kipimo hiki cha 1/35 mtu wa sentimita 175 huwa na sentimita 5. Mweke ndani ya mzinga, utaona jambo ambalo picha huficha: hana paa. Mbele amekingwa na chuma cha milimita 50, lakini nyuma na juu ni wazi kwa mvua na vipande vya mabomu. Mizinga hii ilipigana Luzon, Ufilipino, mwaka 1945. Wakati huo vijana wa Kenya waliokuwa katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), akiwemo Waruhiu Itote aliyekuja kuitwa Jenerali China, walikuwa wamekwisha kukabiliana na Wajapani huko Burma.

Ufundi huu hauhitaji boksi kutoka Japani. Chukua futi, pima Canter iliyoegeshwa Makutano, gawanya kila kipimo kwa 35, kata kadibodi. Canter ya mita 6 itakupa sentimita 17. Anza na chasisi, halafu magurudumu.