Kutoka Kindu hadi Meza ya Sera

Kijana wa Kindu anayeomba kazi ya sera za kupambana na rushwa katika Umoja wa Mataifa, au Transparency International iliyoanzishwa Berlin mwaka 1993, asijione mdogo mbele ya wenye shahada za Ulaya. Jimbo lake la Maniema, nchini Kongo, lina dhahabu na kasiteriti. Anayeweza kueleza jinsi gunia la madini linavyotozwa njiani, na wapi risiti hukosekana, ana ushahidi mwingi kuliko anayekariri Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003. Mtasema kazi hizo ni za wenye ndugu. Pengine, ingawa lugha huzuia wengi zaidi: mara nyingi Kifaransa pekee hakitoshi. Pesa isimzuie mtu: Umoja wa Mataifa haumtozi mwombaji ada yoyote. Anayedai pesa ya faili ni tapeli.