Je, Wajua? Majarida Nayo Huhesabiwa

Ukisoma makala moja ya jarida la ukutubi, unapata hoja ya mwandishi mmoja. Ukizikusanya makala za miaka ishirini na kuhesabu nani ameandika, mwaka gani, kuhusu nini, na amerejea kazi za nani, unaiona taaluma nzima: inachokipenda, inachokisahau na inakoelekea. Hesabu hiyo huitwa bibliometriki. Imelelewa na wakutubi, na wengi wao waliifanya kwa sababu wanayoijua vizuri: fedha chache, majarida mengi.

Je, wajua kwamba ilianza kwa kalamu na karatasi?
Mwaka 1917 Waingereza wawili, F. J. Cole na Nellie Eales, walihesabu machapisho ya anatomia linganishi ya Ulaya kuanzia 1543 hadi 1860, kisha wakayachorea grafu. Jina la bibliometriki lilikuja kuenea baadaye sana, baada ya Alan Pritchard kulipendekeza mwaka 1969.

Je, wajua kwamba rejea zilihesabiwa ili kuamua ununuzi?
P. L. K. Gross na E. M. Gross wa Chuo cha Pomona, California, walitaka kujua maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani ya kemia. Badala ya kutegemea maoni ya watu, walichukua juzuu la 1926 la jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, wakahesabu rejea zake: 3,633. Jarida lililorejelewa zaidi likapanda juu kwenye orodha. Matokeo yao yalichapishwa 1927, na njia hiyo bado inatumika.

Je, wajua kwamba waandishi wengi huchapisha mara moja tu?
Alfred Lotka, aliyefanya kazi kwenye kitengo cha takwimu cha kampuni ya bima ya maisha New York, alichapisha hesabu yake mwaka 1926. Alipitia faharasa ya machapisho ya kemia ya 1907 hadi 1916, akachukua majina yanayoanza na herufi A na B peke yake: watu 6,891. Karibu 58 katika kila 100 walikuwa na chapisho moja tu. Wenye mawili walikuwa kama robo ya hao, na wenye matatu kama sehemu ya tisa. Mpaka leo wanaopima majarida ya ukutubi huangalia kama waandishi wao wanafuata mkondo huo.

Je, wajua kwamba majarida tisa yalibeba karibu theluthi ya makala zote?
Samuel Bradford, mkuu wa Maktaba ya Makumbusho ya Sayansi, London, alichapisha mwaka 1934 hesabu ya makala 1,332 za jiofizikia zilizotawanyika katika majarida 326. Alipoyapanga kuanzia lenye makala nyingi hadi lenye chache, majarida 9 ya juu yalikuwa na makala 429. Ili kupata 499 nyingine alihitaji majarida 59. Makala 404 za mwisho zilikuwa zimesambaa katika majarida 258. Mkutubi mwenye bajeti ndogo ajifunze mawili hapa: majarida machache yaliyochaguliwa vizuri humfikisha mbali, lakini hakuna maktaba itakayokusanya kila kitu. Ndiyo maana maktaba zinahitajiana.

Je, wajua kwamba ukuaji wa sayansi ulionekana ukutani?
Derek de Solla Price alikuwa akifundisha Raffles College, Singapore, mwishoni mwa miaka ya 1940. Jengo la maktaba likiwa bado halijakamilika, alitunza nyumbani juzuu za jarida la Royal Society ya London, lililoanza 1665. Alizipanga ukutani kando ya kitanda, rundo moja kwa kila miaka kumi. Marundo hayo hayakupanda kwa kipimo kilekile. Urefu wake uliongezeka kwa kasi zaidi kadiri miaka ilivyosonga. Price akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuieleza kasi hiyo.

Je, wajua kwamba wanasheria ndio waliofungua njia?
Tangu karne ya 19, wanasheria wa Marekani walikuwa na kitabu kinachoonyesha kesi fulani imetajwa na kesi zipi za baadaye. Eugene Garfield alipendekeza mwaka 1955 kwamba sayansi nayo ipate faharasa ya namna hiyo. Toleo lake la kwanza, la machapisho ya 1961, lilipitia majarida 613 na kukusanya rejea milioni 1.4. Kutoka humo kikazaliwa kipimo cha jarida kinachozungumzwa sana vyuoni. Hesabu yake ni nyepesi: jarida likichapisha makala 20 katika miaka miwili, na mwaka unaofuata makala hizo zikarejelewa mara 30, kipimo ni 1.5. Lakini wastani wa jarida hauwezi kumpima mwandishi mmoja, na wahariri na wachapishaji wa majarida waliokutana San Francisco mwaka 2012 waliandaa tamko la kupinga matumizi hayo.

Je, wajua kwamba majina yetu huivuruga hesabu?
Faharasa nyingi hutarajia jina la ukoo. Huku kwetu Ali Hassan Juma anaweza kuwa Ali, mtoto wa Hassan, mjukuu wa Juma. Leo ataandikwa "Juma, A. H.", kesho "Hassan, A.", na kompyuta itadhani ni watu wawili. Tangu 2012 mtafiti anaweza kupata bure namba ya ORCID yenye tarakimu 16. Kila mwandishi wetu aichukue.

Je, wajua kwamba nawe unaweza kuhesabu?
Chukua matoleo ya miaka mitano ya jarida moja. Kwa kila makala andika mwaka, idadi ya waandishi, taasisi zao, mada na miaka ya kazi zilizorejelewa. Orodha ya mada ipangwe kabla ya kuanza, na watu wawili waainishe makala zilezile bila kuulizana, kisha walinganishe. Rejea nyingi zikiwa za zamani mno, uliza kama waandishi wanafikiwa na machapisho mapya. Taasisi ikiwa ileile kila mara, wahariri wana kazi ya kuwaita wengine.

Kazi hii ni muhimu zaidi kwetu. Faharasa kubwa za dunia huhesabu majarida zilizoyapokea tu, na mengi ya Afrika yamebaki nje, ingawa tangu 1998 mtandao wa African Journals Online umeyapa mahali pa kuonekana. Kutohesabiwa si kutokuwa na thamani. Ila anayepanga bajeti huamini namba zilizo mezani kwake, na za majarida yetu zitafika hapo wakutubi wetu wakizihesabu.