Mwenye Miwani na Darubini ya Mawindo

Mwindaji anayevaa miwani akiingia dukani kutafuta darubini ya macho mawili, swali lake la kwanza huwa: inakuza mara ngapi? Muuzaji naye humpa yenye namba kubwa kuliko zote. Lakini kwa mwenye miwani ipo namba nyingine ya kutanguliza, nayo huandikwa kwa milimita kwenye karatasi ya maelezo: umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya kioo cha kutazamia na bado likaona picha nzima. Hapa tuuite nafasi ya jicho.

Asiyevaa miwani huisogeza darubini mpaka jicho lifike mahali panapostahili. Mwenye miwani hawezi, kwa sababu lenzi zake kwa kawaida hukaa milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, na zina unene wake. Akipewa darubini yenye nafasi ya milimita 10, ataona kiduara cha katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nyati aliyesimama pembeni ya kundi hatamwona kabisa.

Tafuta milimita 16 hadi 18. Chini ya 15 wengi hupata taabu, na mwenye lenzi nene au fremu inayokaa mbali na uso huhitaji zaidi. Angalia pia kioo kimezama kiasi gani. Watengenezaji hupima kuanzia kwenye kioo chenyewe, ilhali miwani hugota kwenye ukingo wa kikombe cha mpira. Kioo kikizama milimita 3, basi 17 za kwenye karatasi zimebaki 14. Ndiyo maana darubini mbili zenye namba ileile huweza kutofautiana machoni.

Vikombe hivyo vya mpira ndivyo vinavyoiwezesha darubini moja kutumiwa na watu wawili. Mwenye miwani huvizungusha mpaka chini. Asiye na miwani huvipandisha, la sivyo vivuli vyeusi vitamchezea machoni. Chagua mpira laini usiokwaruza lenzi. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilianza kutengeneza darubini za wavaa miwani katika miaka ya 1950, ikazitia alama ya herufi B.

Ukuzaji sasa. Mara nyingi ukuzaji ukipanda, nafasi ya jicho hupungua na eneo linaloonekana hubana. Kwenye miombo ya Tanzania, ambako mnyama hujitokeza ghafla kati ya miti, 8x42 humfaa mwenye miwani kuliko 10x42. Gawanya 42 kwa 8: mwali wa mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2. Tofauti hiyo huonekana alfajiri na jioni, saa ambazo mwindaji anahitaji kuhakikisha anachokitazama. Umri wa simba dume, kwa mfano, hukadiriwa kwa kuangalia pamoja na mambo mengine weusi wa pua yake, unaozidi kadiri anavyozeeka. Pua haisomeki kwenye picha iliyofifia.

Je, kwa nini asivue miwani tu? Asiyeona vizuri mbali, au karibu, anaweza kusaidiwa na gurudumu la kurekebishia picha, mradi tatizo lake si kubwa kupita uwezo wa darubini. Astigmatizimu, yaani jicho ambalo umbo lake hupinda mwanga bila usawa, gurudumu hilo haliirekebishi. Tena kila akishusha darubini itabidi aitafute miwani ndipo amwone mnyama, na mnyama hasubiri.

Nenda dukani na miwani ileile unayovaa porini. Shusha vikombe, toka mlangoni, tazama kitu kilicho mbali. Funika upande wa kulia, rekebisha wa kushoto kwa gurudumu la katikati. Kisha funika wa kushoto, rekebisha wa kulia kwa pete yake. Funua pande zote mbili. Ukingo mweusi wa duara uonekane wote, mzunguko mzima, bila kuikandamiza miwani usoni. Mwenye lenzi za sehemu mbili atazame kupitia sehemu ya juu. Ukingo ukikatika, irudishe darubini hiyo kabatini, hata kama imepunguzwa bei.