Fungua Nipo Kabla ya Kushusha Giaboksi

Klachi iliyoisha huteleza, haigandi. Unapanda kutoka Salama kwenda Nunguni, unakanyaga mafuta, mizunguko ya injini inapaa lakini gari halisogei inavyostahili, na harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani. Hiyo ndiyo dalili ya pleti iliyolika. Pedali inayobaki sakafuni baada ya kuondoa mguu, au inayorudi kivivu, ina ugonjwa mwingine. Ndiyo maana huniuma kuona Subaru Impreza WRX STI imeinuliwa juu ya mawe katika gereji ya Wote au Kitui mjini, giaboksi iko chini, seti nzima ya klachi imeagizwa kutoka Nairobi, halafu siku gari likifungwa upya pedali inaganda vilevile.

Magari haya yana wapenzi wengi Kenya, na sababu inajulikana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Tommi Mäkinen akashinda ile ya 1996 na ya 2001 kwa Mitsubishi Lancer Evolution. Watoto waliosimama kando ya barabara enzi hizo ndio wanunuzi wa leo. Lakini mengi yalifika yakiwa yametumika Japani, kwa sheria yetu yakiwa hayajapita umri wa miaka minane, na anayelinunua hajui mafuta ya klachi yalibadilishwa lini mara ya mwisho. Anafika nalo Kibwezi, anashika lami ya kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo, anafurahia mwendo, kisha anaacha lami kuingia kijijini kwao kwenye vumbi jekundu na mito ya mchanga. Joto, mwendo na vumbi kwa siku moja. Mfumo wa klachi uliochoka hauwezi kuficha aibu hapo.

Nguvu ya mguu husafiri hivi. Pedali inasukuma fimbo fupi inayoingia kwenye masta ya klachi, iliyofungwa kwenye bati linalotenga injini na abiria. Masta inasukuma mafuta kwenye bomba hadi kwenye sleivu, na sleivu inasukuma uma wa klachi ulio kwenye giaboksi. Unapoachilia, springi ya presha pleti ndiyo inayorudisha kila kitu: inasukuma uma, uma unasukuma mafuta, mafuta yanainua pedali.

Magari yenye presha pleti ngumu huwekewa springi nyingine kwenye pedali yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Pedali ikiwa juu, springi hii huishikilia juu. Ikishavuka katikati, springi inageuza upande na kuanza kuisukuma chini, ili mguu wa dereva usichoke kwenye foleni. Kwa hiyo pedali iliyo sakafuni ina kitu kinachoing'ang'aniza ibaki huko, na presha ya mafuta lazima ikishinde. Presha ikipungua kidogo tu, kwa sababu ya hewa au mpira uliolika, pedali inalala. Ingiza ncha ya kiatu chini yake, iinue ivuke katikati, nayo inaruka juu yenyewe. Ukiona hivyo, shuku mafuta na hewa kabla ya kushuku chuma chochote.

Anza basi na kichupa cha mafuta ya klachi. Mafuta mapya ni ya manjano hafifu na unaona chini ya kichupa. Yakiwa meusi yamejaa unga wa mipira inayosagika ndani. Kinachodhuru zaidi hakionekani. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo hayo hayo ya klachi, hufyonza unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini kipimo cha yale yaliyokwisha kunywa maji ni nyuzi 155 tu. DOT 3 hushuka kutoka 205 hadi 140. Sasa tazama sleivu ya Subaru ya turbo ilipo: juu ya giaboksi, chini ya kipozea hewa cha turbo, na turbo yenyewe iko jirani. Gari likikimbizwa kwenye jua la saa nane mchana kisha likazimwa Kibwezi watu wakanywe soda, upepo uliokuwa ukipooza sehemu ile unakatika na joto linapanda. Mafuta yenye maji hutoa mvuke, na mvuke hubanwa ukanywea, jambo ambalo mafuta hayafanyi. Unarudi kwenye gari, pedali inalala. Kesho yake asubuhi unalipeleka kwa fundi likiwa baridi, anakanyaga, haoni kitu. Mwambie, "Fundi, hebu tulizungushe kwanza lipate moto," naye ataona.

Kagua pia mpira ulio ndani ya kifuniko cha kichupa. Ukiwa umevimba na hauingii tena mahali pake, kuna mtu alijazia oili ya injini au ya stelingi. Mipira ya masta na ya sleivu imevimba vivyo hivyo, na kumwaga mafuta na kuweka mapya hakutaiponya. Kila mpira ulioguswa na oili hiyo lazima ubadilishwe, pamoja na bomba la mpira.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halina gharama. Zima injini, weka vizuizi kwenye magurudumu, ondoa kipozea hewa ili uione sleivu. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka igande, wewe utazame uma. Kama uma umesharudi na pedali bado iko chini, ugonjwa uko kwa mguu: hewa kwenye mfumo, masta inayovujisha mafuta ndani kwa ndani, springi au bushi za pedali. Kama uma umebaki ulipopelekwa, vika mpira mwembamba kwenye nipo ya kutolea hewa, uelekeze kwenye chupa, ulegeze nipo kwa spana. Mafuta yakiruka na uma ukarudi kwa nguvu, presha ilikuwa imefungiwa. Huenda tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta limezibwa na uchafu, au fimbo ya pedali imerefushwa mno hata pistoni haifiki nyuma ya tundu hilo, au bomba la mpira limevimba ndani likawa mlango wa upande mmoja. Ili kujua ni lipi, rudia jaribio kwa kulegeza kiungo cha bomba pale kwenye masta: uma ukirudi hapo, bomba halina kosa, shughulika na masta. Lakini ukifungua nipo na uma usisogee, mafuta hayana hatia. Hapo, na hapo tu, ndipo giaboksi inastahili kushuka.

Kuna gari linalofaulu yote haya na bado linamwacha mwenyewe njiani: pedali huganda anapobadilisha gia kwa haraka injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 na zaidi. Wenye Chevrolet Corvette kule Marekani wanaijua sana hali hii. Vidole vya springi ya presha pleti vinazunguka na injini, na kwa kasi hiyo nguvu ya mzunguko hubadilisha jinsi vinavyorudi, hasa vikiwa vimesukumwa kupita kiasi. Wakati huo huo mafuta yanatakiwa kurudi kupitia njia nyembamba kwa kufumba na kufumbua. Mafuta machafu na ya moto hayawahi. Badilisha mafuta yote kwanza, kisha pima urefu wa safari ya pedali, hasa kama aliyekuwa na gari kabla yako aliweka presha pleti ngumu ya kuongezea nguvu na kurefusha fimbo ili gia ziingie. Pedali ikiganda katika mwendo huo, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, la sivyo injini isiyo na mzigo itapaa ghafla. Iinue pedali kwa kiatu, na ukiwa unashuka mlima kumbuka kwamba injini haikushikilii, breki ndizo zinazobaki.

Upande wa chuma, Kitui na Makueni zina adui wao. Uma wa klachi hutokeza nje ya giaboksi kupitia kifuniko cha mpira. Kikichanika, vumbi huingia kila siku, na ukivuka mto wenye maji, mchanga laini huingia nayo. Ndani kuna pua ya giaboksi, bomba la alumini ambalo beringi ya klachi huteleza juu yake. Grisi ikichanganyika na mchanga inakwangua alumini kama tupa, inachimba mfereji, na beringi inanasa humo. Utaisikia pedali ikikwama mahali pale pale kila mara, baridi au moto. STI ya gia sita ina uma unaoivuta beringi badala ya kuisukuma, kwa hiyo uma, ekseli yake na beringi vikaguliwe kwa pamoja. Kuweka pleti mpya juu ya pua iliyochimbika ni kutupa pesa za mwenye gari, nami sioni fundi mwenye heshima akifanya hivyo baada ya kupitisha kidole pale na kuusikia mfereji.

Neno kwa anayetoa hewa mwenyewe: mafuta yakishamwagwa, pedali italala sakafuni na haitarudi hata ukisubiri, kwa sababu ya ile springi ya kwenye pedali. Hiyo si masta iliyokufa. Iinue kwa mkono kila unapofunga nipo, tumia DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo, na endelea mpaka yatoke masafi yasiyo na mapovu. Kisha liendeshe mpaka lipate moto, lizime robo saa, liwashe, na ubadilishe gia mara kadhaa kabla ya kumlipa mtu yeyote.