Ametoka Wodi, Sasa ni Zamu ya Boma

Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini huwa fupi. Ina jina la mgonjwa, jina la ugonjwa lililoandikwa kwa haraka, dawa mbili au tatu, na tarehe ya kurudi kliniki. Ndugu aliyekuja kumchukua anaikunja, anaitia mfukoni, na wote wawili wanapanda matatu ya kwenda Webuye. Wanaipita Malava, wanapita miwa upande huu na miwa upande ule, na wanaposhuka Matete tayari wapo watu kwenye steji wanaomtazama yule kijana zaidi ya wanavyowatazama abiria wengine.

Wodi imefanya yake. Usingizi umerudi, sauti zimenyamaza au zimepungua, na hasemi tena kwamba jirani amemtilia sumu kwenye maji. Jamaa wakisikia hivyo hushukuru Mungu na kudhani mambo yamekwisha. Ila kwa saikosisi, ugonjwa unaomfanya mtu asikie yasiyosemwa na kuamini yasiyokuwepo, hospitali huzima moto tu. Kama kijana atatulia mwaka mzima au atarudishwa wodini kabla ya mavuno, hilo huamuliwa bomani. Mambo mawili ndiyo yenye uzito kuliko mengine: dawa, na jinsi anavyosemeshwa na watu anaokula nao.

Nianze na dawa, maana hapo ndipo familia nyingi hujikwaa bila kukusudia. Matete imekaa pembeni kabisa mwa Kaunti ya Kakamega. Ukiuvuka mto Nzoia uko Webuye, Kaunti ya Bungoma. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kulazwa Hospitali ya Rufaa ya Kakamega, akafuata dawa Webuye kwa kuwa nauli ni nafuu, na akizidiwa usiku apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Huko kote anafunguliwa faili, na hakuna daktari hata mmoja mwenye hadithi nzima. Familia ndiyo pekee inayoijua. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha: andikeni dawa, kipimo, tarehe ya sindano, siku aliyokosa usingizi, siku aliyogoma kumeza. Mkifika kliniki, mpeni muuguzi alisome kabla hajauliza lolote.

Kipindi cha hatari ni kile ambacho mgonjwa anaonekana mzima. Anacheka, anakwenda posho mill, anauliza habari za timu za Ingwe na Gor. Hapo ndipo yeye mwenyewe, au mjomba aliyekuja kuwasalimu, atauliza hizi tembe ni za nini tena. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 yaliyohusu swali hilo hilo. Kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa wametulia kisha wakapewa tembe zisizo na dawa ndani yake, takriban 64 waliugua tena katika muda wa mwaka mmoja. Kwa walioendelea na dawa halisi, walikuwa 27. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri dawa ziendelee kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kutoweka, hata kama mtu ameugua mara moja tu. Hesabu inaanza siku alipopata nafuu, wala si siku alipolazwa, na wengi huikosea hapo.

Tusidanganyane, dawa zenyewe si rahisi kuzibeba. Largactil hulegeza mwili, humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Sasa mtu huyo mpeleke akakate miwa saa sita mchana, kisha umwite mvivu akikaa kivulini. Haloperidol na sindano za Modecate zinaweza kuleta mitetemo ya mikono na mate yasiyozuilika, au hali ya kutotulia inayomfanya mtu atembee uani bila kikomo. Mara nyingine shingo hupinda na macho yakageukia juu, na boma zima likapiga mayowe kwamba mapepo yamerudi. Hayo ni madhara ya dawa. Kituo cha afya kinaweza kuyatuliza haraka kwa dawa iitwayo Artane au kwa kupunguza kipimo. Olanzapine huleta njaa isiyoshiba na unene. Yapo pia madhara ambayo mwanamume hatamwambia mamake kamwe, ya kitandani, na mara nyingi ndiyo sababu ya kweli ya tembe kuonekana zimetupwa chooni. Kakake au binamu wa rika lake ndiye wa kumuuliza, wakiwa wawili tu.

Kwa anayesahau au anayechoka kumeza kila jioni, sindano ya kila wiki mbili hadi nne huondoa ugomvi mwingi nyumbani. Mama hahitaji tena kumwambia mwanaume mzima apanue mdomo aonyeshe kama amemeza.

Hilo la mdomo linatuleta kwenye jambo la pili. Miaka ya hamsini, mtaalamu wa sosholojia George Brown aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili jijini London. Mtu angetarajia waliorudi kwa wazazi na wake zao wafanye vizuri kuliko waliokwenda kupanga vyumba kwa watu baki. Brown akakuta kinyume. Mwaka 1972, yeye na madaktari Birley na Wing walichapisha utafiti wa wagonjwa 101. Katika nyumba zilizojaa lawama, uhasama, au wasiwasi uliopitiliza, asilimia 58 walirudi kuugua ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu walikuwa asilimia 16.

Utafiti huo haukusema kwamba familia ndiyo iliyouleta ugonjwa. Zamani wapo waliosema hivyo. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann wa Marekani aliandika kumhusu mama anayemfanya mwanawe augue skizofrenia, aina mojawapo ya saikosisi, na akina mama wa kizazi kizima wakabebeshwa mzigo usiokuwa wao. Alichokionyesha Brown ni kwamba akili inayopona haistahimili kelele. Kwetu kelele hizo tunazijua. "Wenzako wameoa, wewe unalala mpaka saa nne." "Ng'ombe wawili tumeuza kwa ajili yako." "Ukianza tena hayo mambo yako tutakurudisha huko." Msemaji hana chuki, ana uchovu na deni. Mgonjwa hasikii uchovu wala deni. Anasikia kwamba ile sauti iliyokuwa ikimwambia yeye ni takataka ilikuwa na ushahidi.

Upande wa pili ni mapenzi yanayobana. Mama halali, anaketi mlangoni usiku. Anajibu maswali aliyoulizwa mwanawe, anamfulia, anamkatalia hata kwenda dukani peke yake. Hilo nalo London walilihesabu kuwa sehemu ya tatizo. Mtu aliyekuwa akiendesha bodaboda kabla ya kulazwa hatarudishiwa pikipiki wiki ya kwanza akiwa bado anasinzia kwa dawa, hilo ni wazi. Lakini anaweza kuteka maji, kulisha kuku, kupeleka maziwa. Mwongezeeni kazi kadiri anavyopata nguvu, na asimamiwe na mtu mmoja, maana wazee watatu wakimwamrisha kila mmoja lake ni fujo tupu.

Na akisema bado anasikia sauti? Kubishana naye hakusaidii, kumkubalia ni kumdanganya. Mama anaweza kumwambia, "Mimi siisikii, mwanangu, lakini naona inakusumbua. Njoo ukae hapa tumenye hivi viazi." Sentensi kama hiyo ni ngumu kuitamka mtu akiwa na hofu. Inafaa kuzoewa mapema.

Ugonjwa ukianza kurudi, mara nyingi usingizi ndio wa kwanza kuondoka. Kisha mtu anaacha kuoga, anajifungia, anaanza kuwashuku waliokuwa wakimpikia. Kila mgonjwa ana mfuatano wake, na familia ikikaa chini kukumbuka wiki mbili za kabla ya kulazwa itauona. Usiku tatu bila kulala zatosha kuwafanya mwende kliniki bila kungoja tarehe. Maisha ya Matete nayo yana usiku mwingi wa kukesha: matanga, mikesha ya kanisa, na msimu wa tohara wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, wakati nyimbo na busaa havijui saa. Kijana aende mazishini mchana, azike ndugu yake kama watu wengine, kisha saa mbili usiku awe amelala kwake. Bangi ndiyo ya kukatwa kabisa, maana huuchochea ugonjwa huu moja kwa moja. Chang'aa nayo, ikichanganyika na dawa, ni hatari.

Jambo moja hujadiliwa kwa minong'ono tu, nami nitalisema wazi. Wiki za kwanza baada ya kutoka wodi ni wakati ambao hatari ya mtu kujiua huwa kubwa. Akili imetulia kiasi cha kuona kilichopotea: kazi, mchumba, heshima. Dawa za kupulizia shambani zifungiwe, panga zisiachwe ovyo, na mtu aulizwe waziwazi kama anawazia kufa. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Wala msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichokuwa kikimshtaki aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba.

Majirani ni sura nyingine. Eneo hili lina sababu za kihistoria za kutoiamini hospitali ya wazimu. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyeuchokoza utawala wa mkoloni, alitangazwa mwendawazimu na kufungiwa hospitali ya akili ya Mathari katikati ya miaka ya arobaini, na hakuachiliwa hadi 1947. Wazee waliokulia kwenye masimulizi hayo wakisikia neno Mathari hawafikirii matibabu kwanza. Vijana nao wamelifanya jina hilo tusi la mtaani. Ndiyo maana kijana anayerudi hukuta jina jipya likimngoja, omulalu, yaani mwendawazimu, na watoto wakilitamka kwa kicheko. Hapo baba wa boma ana kazi. Asimame mbele ya majirani aseme mwanawe alikuwa mgonjwa, ametibiwa, na anaitwa kwa jina lake. Akisema mara moja kwa sauti kavu, wengi hunyamaza.

Kuhusu maombi, sina ugomvi na mchungaji wala na mzee wa kutambika. Mila na hospitali zinaweza kushirikiana: mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mpango huko Aro, Nigeria, ambapo wagonjwa waliishi vijijini na jamaa zao huku wakitibiwa hospitalini, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Ugomvi wangu ni na anayesema tupa tembe uonyeshe imani, na anayemfunga mtu mnyororo akingojea pepo litoke. Ripoti ya Human Rights Watch ya Oktoba 2020 kuhusu watu wanaofungwa minyororo kwa sababu ya maradhi ya akili iliitaja Kenya pia.

Haya yote yanaangukia nani? Kwa kawaida mwanamke mmoja: mama, na kama hayupo, dada au mke. Ndiye anayekesha, anayekopa nauli, anayetukanwa mgonjwa akizidiwa, na ndiye anayelaumiwa na shemeji wanaokuja Desemba. Mikutano ya ukoo tunaijua. Tunaiita kwa mahari, kwa mazishi na kwa mipaka ya shamba. Uitwe na kwa ajili ya ugonjwa huu. Aliye Nairobi alipe bima ya afya ya SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF na ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliye na pikipiki ampeleke kliniki. Senge, yaani shangazi yake, amchukue mgonjwa siku mbili kila mwezi ili mama alale.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya akina mama hao. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hii karibu na watu. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari. Hawa wanapita tayari kwenye maboma ya Chevaywa na Lwandeti. Wafundishwe kuuliza swali moja zaidi, kama aliyetoka wodi amepata sindano yake mwezi huu. Na Kaunti ya Kakamega ihakikishe sindano hiyo, ambayo ni dawa ya zamani isiyo ya bei ghali, haikosekani Matete, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya nauli ya Kakamega na unga wa wiki.