Staa akirudi na mguu mbovu, timu inapata nini hasa?

Unaijua ile fainali ya mtaani ambapo straika wenu amekuwa nje mwezi mzima, halafu siku yenyewe anatokea amefunga bandeji mguuni? Uwanja mzima unalipuka. Hajagusa mpira hata mara moja, lakini beki wa wapinzani tayari amerudi nyuma hatua mbili.

Hizo hatua mbili ndizo stori yangu ya leo. Na sehemu nzuri ya kuziona ni kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, ile ya helmeti na mabega mapana ya plastiki. Usiniambie haituhusu. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013, na nawajua wasee hapa Nairobi wanaokesha macho wazi ikifika fainali.

Kama wewe ni mtu wa raga, utaelewa haraka. Kwenye raga huruhusiwi kurusha mpira mbele. Huku unaruhusiwa, mara moja katika kila jaribio. Anayerusha anaitwa kwotabaki. Anayetimua mbio kwenda kuupokea ni mdakaji, wenyewe humwita risiva. Timu hupewa majaribio 4 ya kusonga yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifaulu, inaanza kuhesabu upya. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wapinzani.

Sasa jiweke kwenye viatu vya kocha wa ulinzi. Una watu 11. Upande mmoja kuna mdakaji mwenye mbio za kutisha. Ukimwachia mlinzi mmoja, anaweza kukuumbua. Ukimwekea wawili, kuna mwenzake mahali fulani amepata nafasi. Ukiwarudisha walinzi wako wa nyuma wakae mbali ili wamchunge, umefungua katikati, na yule jamaa wa kubeba mpira na kupasua ukuta atakushukuru sana. Ndiyo maana mdakaji mkali anaweza kubadilisha mchezo bila kudaka chochote.

Mfano wangu ni Jaylen Waddle wa Chuo Kikuu cha Alabama, msimu wa 2020. Katika mechi 4 za kwanza alipata yadi 134, 142, 120 na 161. Hiyo ya nne ilikuwa dhidi ya Georgia, na pasi moja tu ilimpa yadi 90, karibu mita 82, hadi kwenye tachidauni. Upande wa pili wa uwanja alikuwa DeVonta Smith, naye si wa kuchezewa. Lakini kufikia hapo, aliyekuwa akiongoza kwa yadi ni Waddle.

Kisha ikafika Oktoba 24, ugenini kwa Tennessee. Mpira wa kwanza kabisa wa mechi, Waddle akaudaka, akatoka nao mbio, akaangushwa. Kifundo cha mguu kikavunjika. Kocha Nick Saban alisema huenda msimu wake umekwisha.

Kulingana na hesabu zetu za juu, Alabama ilifaa kuteseka. Haikuteseka. Smith aliubeba mzigo akamaliza msimu na yadi 1,856 na tachidauni 23. Akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vikuu, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka wa 1991. Alabama ikafika fainali bila kupoteza hata mechi moja.

Hapo ndipo Waddle akarudi. Januari 11, 2021, siku 79 tu baada ya kuvunjika, jezi nambari 17 ikaingia uwanjani Miami Gardens kucheza dhidi ya Ohio State. Na mtu wa kuuliza maswali magumu anauliza: kwa nini umrudishe kijana ambaye timu yake imeshinda kila kitu bila yeye?

Tazama takwimu kwanza. Waddle alidaka pasi 3, yadi 34. Baada ya kudaka, ulimwona wazi akichechemea, na kila mtu sebuleni alikuwa anakunja uso. Smith naye alidaka 12, yadi 215 na tachidauni 3, zote kabla ya mapumziko. Alabama 52, Ohio State 24.

Sasa tazama kile ambacho takwimu hazisemi. Tachidauni ya tatu ya Smith ilikuwa ya yadi 42, na aliyekuwa akimkimbiza ni Tuf Borland, mlinzi wa katikati ambaye kazi yake hasa ni kuzuia wabeba mpira, si kufukuzana na mshindi wa Heisman. Hiyo haikuwa mechi ya mbio, ilikuwa maonevu. Ilifikaje hapo? Steve Sarkisian, aliyekuwa akipanga mashambulizi ya Alabama, alikuwa akimhamisha Smith huku na kule. Pia alikuwa na Najee Harris, aliyefunga tachidauni 3 usiku huohuo, na mdakaji John Metchie. Ongeza jina la Waddle kwenye orodha hiyo, hata akiwa anachechemea, na kocha wa ulinzi ana jambo lingine la kuwaza.

Sitakudanganya kwamba Waddle ndiye aliyeshinda mechi hiyo. Maoni yangu ni kwamba Alabama ingebeba kombe hata kama angekaa benchi na soda mkononi. Alichoongeza ni wasiwasi. Shida ya wasiwasi ni kwamba hauna maisha marefu. Mlinzi anarudi nyuma hatua mbili kwa sababu ya jina lako. Akikuona umechechemea mara mbili, anazichukua tena hatua zake.

Ukitaka kuona upande mbaya, nenda Ohio State msimu wa 2022. Jaxon Smith-Njigba alikuwa ameanza mwaka huo kwa kishindo: Januari 1, kwenye Rose Bowl, alidaka pasi 15 za yadi 347. Mtu mmoja, mechi moja! Msimu mpya ulipoanza Septemba dhidi ya Notre Dame, akaumia msuli wa nyuma ya paja. Akarudi dhidi ya Toledo. Akatoka. Akarudi dhidi ya Iowa. Akatoka tena. Msimu wake wote ukaishia na pasi 5, yadi 43.

Wakati huo, Marvin Harrison Jr. na Emeka Egbuka walijaza nafasi, na kila mmoja akapita yadi 1,000. Fikiria kazi ya kwotabaki hapo. Pasi nyingi hurushwa kabla mdakaji hajageuka. Anarusha pale mwenzake atakapokuwa, si pale alipo. Uelewano huo hujengwa mazoezini kwa mamia ya marudio. Aliyekuwa anatibiwa amekosa marudio hayo, na mguu uliopungua kasi kidogo tu unafika umechelewa. Mpira ambao zamani ungekuwa wake sasa unaangukia mikononi mwa adui. Yaani kumrudisha staa kunaweza kuharibu kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi.

Lakini pia usije ukasema wadakaji hawana maana. Mwaka mmoja baada ya usiku wa Waddle, Alabama ilirudi fainali, safari hii Indianapolis dhidi ya Georgia. Metchie alikuwa ameumia kano ya goti mwezi mmoja kabla. Jameson Williams, mwenye mbio kuliko wote, akaumia kano ya goti katika kipindi cha pili kati ya vinne. Hapakuwa na Smith mwingine wa kubeba mzigo. Walipigwa 33-18.

Kwa hivyo ukisikia mdakaji fulani anarudi, usiulize tu "yuko fiti?" Uliza waliobaki wamefanya nini bila yeye. Kama wamekwama, hata nusu ya mtu inaweza kuwafungulia njia. Kama wanatesa, nusu hiyo ni hatari bila faida kubwa.

Na hatari hiyo inambebesha nani? Hapa ndipo stori hii inanikera. Usiku ule wa Januari 2021, Waddle hakuwa na mshahara. Wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kupata pesa kutokana na majina yao kuanzia Julai 1, 2021, na vyuo vyenyewe viliruhusiwa kuwalipa moja kwa moja mwaka wa 2025. Yeye alikuwa na ufadhili wa masomo, na kifundo kilichokuwa bado kinapona. Mbele yake kulikuwa na mamilioni ya dola ambayo angeweza kuyapoteza kwa kukanyaga vibaya mara moja.

Bahati ilikuwa upande wake. Aprili hiyo Miami Dolphins walimchagua wa 6, akarudi kucheza nyumbani kwenye uwanja uleule alioingia akichechemea. Msimu wake wa kwanza alidaka pasi 104. Tunaikumbuka kama stori ya ujasiri kwa sababu mguu haukuvunjika tena. Ungevunjika, leo tungekuwa tunauliza nani alimruhusu.

Wewe una fainali yako Jumapili, na kundi la WhatsApp linakuita usiku na mchana: "Bro, hata dakika ishirini tu." Wanachotaka mara nyingi ni jina lako, wale mabeki warudi nyuma kidogo. Sawa. Lakini Jumatatu ni wewe utakayepanda ngazi za ploti na mguu huo, na daktari atakudai wewe, si kundi. Kabla hujafunga bandeji, jaribu kukimbia na kukata kona peke yako, bila shabiki hata mmoja. Ukishindwa hapo, wajibu kwamba utakuja kushangilia.